Mkono wa Ildefons

Mjomba wangu Ndyamukama alikuwa na wivu, na mtu akikuambia kwamba ulikuwa uchungu wa kazi au heshima ya uzee, usimsikilize. Ulikuwa wivu. Mimi ni mtoto wa dada yake, nimekula kwake na kulala kwake, na niliuona ukimkaa usoni kama moshi unavyokaa jikoni. Alimwonea wivu kijana mmoja aitwaye Ildefons, na kabla ya kumwonea Ildefons aliionea wivu sindano.

Kazi ya mjomba ilikuwa kushika vichwa. Aliifanya katika hospitali ya misheni huko kwetu kwenye vilima vya Muleba, wakati wa Mwingereza, chini ya daktari Mzungu ambaye kila mwezi alitenga siku za kupasua macho tu. Watu walitembea kutoka mbali, wengine walipanda lori kutoka Bukoba mjini, wote wakiwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni mpaka mtu haoni hata sahani yake. Daktari alitia dawa ya ganzi, kwanza matone, kisha sindano ndefu nyuma ya jicho. Ganzi iliua maumivu. Woga haikuuweza. Mgonjwa alikuwa macho kabisa, anasikia vyuma vikigongana kwenye sinia, anamsikia Mzungu akipumua juu ya paji la uso wake. Hapo mzee wa watu angeacha vipi kuruka? Na jicho lililokwisha kufunguliwa likitikiswa, ute wake humwagika, na likimwagika limekwenda.

Basi mjomba alisimama ubavuni mwa meza, mikono miwili kwenye mashavu ya mgonjwa, akaminya. Alikuwa na viganja vipana kama jembe na kidole gumba cha kulia chenye kucha iliyopinda, kwa sababu alijikata na panga utotoni na kucha ikaota vibaya, nene na kali. Sista wa chumba cha upasuaji alimwambia kila mara aikate. Aliikata, ikaota vilevile, kwa hiyo alijifunza kushika vichwa akiwa amekikunja kidole kile pembeni. Huku akiminya alisema kwa Kihaya, taratibu, "Mpola mpola, waitu, mpola mpola," yaani polepole, mwenzetu, na watu walitulia. Hakika walitulia. Sitamnyima sifa yake.

Sifa hizo zilimlevya kuliko rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kila aliyepona alimkumbuka. Gulioni mtu alikuwa akimwita kutoka ng'ambo, "Wewe ndiye uliyenishika!" na kwenye harusi alipewa kigoda karibu na wazee na kibuyu kilimfikia mapema. Akirudi nyumbani jioni alimsimulia mkewe Kokubanza yote, na alipomsimulia hakupunguza kitu. Aliongeza. Yule wa leo aliruka kama samaki, Mama Ishengoma! Yule wa jana alilia mpaka mbuzi wa padri wakaitikia! Nisingekuwa mimi, jicho lingebaki kwenye sakafu!

Ishengoma ni mtoto wao wa kwanza, alikuwa amekwisha kuoa na kuhamia upande wa Rubafu. Nyumbani walibaki wawili tu, mume mwenye hadithi na mke anayesikiliza. Na huyo mke anayesikiliza alikuwa akipofuka.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani, lilichomwa na kijiti cha mbuni wakati wa kuchuma kahawa. La kulia likaanza ukungu. Mwanzoni alikosa kuona sindano ya kusukia mikeka, kisha akakosa kuona njia ya kisimani, kisha mjomba akawa anamwongoza kwa fimbo, yeye mbele, mkewe nyuma, kila mmoja ameshika ncha yake. Watu walimwuliza mjomba, wewe unayefanya kazi palepale, mbona humpeleki mkeo? Alijibu kwamba mwanamke ni mwoga. Kokubanza alisema, "Ndiyo, mimi ni mwoga." Ilipita miaka mitatu hivyo. Mjomba hakujiuliza hata siku moja ni nani aliyemtia woga ule, jioni baada ya jioni, kwa mbuzi wa padri na samaki wanaoruka.

Mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovishwa taji, daktari alirudi kutoka likizo kwao na sanduku la vichupa vidogo vya dawa iitwayo pethidini. Ni ya ukoo wa zile dawa kali za maumivu zinazotokana na kasumba, isipokuwa hii ilitengenezwa kiwandani. Ganzi ya jicho ilibaki palepale, ila sasa nusu saa kabla yake mgonjwa alichomwa pethidini mkononi. Na pamoja na vichupa akaja Ildefons.

Ildefons alikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, mwenyeji wa Hamugembe, Bukoba mjini. Alisomea kazi, alijua Kiingereza cha kumjibu daktari bila kusitasita, alikuwa na viatu na baiskeli yenye taa, na mikono yake ilikuwa myembamba, na kucha zake zilikatwa sawasawa kama za mtoto wa shule siku ya ukaguzi. Yeye ndiye aliyechoma pethidini. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee Kagaruki, mkorofi anayejulikana hadi Kamachumu. Mjomba alimsubiri kwa hamu, kwa kuwa kichwa kile kingempa hadithi ya mwezi mzima. Kagaruki akaingia akielea, akalala, akapigwa ganzi, akapasuliwa, na wakati wote alikuwa akitabasamu na kusema mambo ya ng'ombe. Mikono ya mjomba ilikaa kwenye mashavu yake bila kazi. Walipomaliza, daktari alimtazama mjomba na kumwambia kwa upole kwamba pengine kuanzia sasa atawafaa zaidi kwenye kubeba machela na kuchemsha maji.

Kwa upole! Heri angempiga kofi.

Haukupita muda watu wakaanza kusema "sindano ya Ildefons." Mjomba alikuwa akirukwa na akili akisikia neno hilo. "Ya Ildefons kivipi? Kwani kaipika yeye? Imepikwa Ulaya, yeye anaichoma tu! Hata mimi naweza kuchoma!" Hakuweza, lakini alisema. Kwenye harusi ya mtoto wa Yoeli, jirani yetu, mwenye nyumba alitoa kigoda kizuri kilichochongwa, mjomba akaanza kuinama akae, kumbe kigoda kinapita kwenda nyuma yake, kwa Ildefons. Mjomba akakaa kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni pamoja na vijana. Usiku mzima hakucheka. Alihesabu mara ngapi kibuyu kilikwenda kwa Ildefons, na alisema uongo kwamba tumbo linamuuma ili atoke nje.

Nilimwambia, "Mjomba, huyu kijana hajakukosea kitu."

"Hilo ndilo baya," alinijibu. "Angenikosea ningepumzika."

Sasa sikiliza kilichofuata. Jirani yetu Benadetha alipeleka mama yake, akarudi akasimulia kwamba bibi alilala kama mtoto na hakusikia chochote. Kokubanza alikuwa amekaa mlangoni akisuka kwa kupapasa. Akaweka mkeka chini. Jioni mjomba aliporudi, alimwambia:

"Baba Ishengoma, nitakwenda kupasuliwa."

Mjomba akafurahi. Alidhani woga umemwisha hatimaye. "Nitakushika mwenyewe," akasema. "Hata kama wana sindano yao. Wewe nitakushika mimi."

"Hapana. Nakwenda kwa Ildefons."

"Kwa nani?"

"Kwa yule wa sindano. Na wewe nakuomba usiingie mle ndani. Nikisikia sauti yako nitakumbuka wale wote walioruka, na mimi nitaruka. Nina jicho moja tu. Niahidi."

Nilikuwepo, nikimenya ndizi. Mke wake, ambaye baba yangu mwenyewe ndiye aliyemposea kwa maneno mengi na mbuzi wengi, anamkataa mbele ya mpwa wake na kumchagua kijana wa Hamugembe. Mwanamke angekuwa na bwana wa nje, nadhani isingemchoma hivyo, kwa kuwa angalau angejua pa kupeleka shauri. Hili angelipeleka baraza gani?

"Nakuahidi sitasema neno," alisema. Angalia vizuri ahadi yenyewe. Hakusema hataingia.

Siku ya upasuaji alimwongoza kwa fimbo hadi mlango wa hospitali, akamkabidhi kwa Sista, akaondoka kwa miguu mizito ili asikike akiondoka. Kisha akazunguka nyuma, akavaa joho la kazini na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, akabeba karai la maji yaliyochemshwa na kuingia nalo chumba cha upasuaji. Karai aliliweka mahali pake. Yeye hakutoka. Alisimama ukutani. Sista alimtazama, akaona ni Ndyamukama tu, akaendelea na mambo yake.

Kokubanza akaletwa akiwa amekwisha kuchomwa. Ildefons alikuwa akitembea pembeni mwa machela, ameinama, anamwuliza kwa Kihaya kama yu mzima. Na Kokubanza akatabasamu. Mjomba aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, na bado uso ulimkunjamana: tabasamu lile alikuwa hajaliona tangu ukungu uanze. Miaka mitatu alimwongoza, alimchotea maji kisimani watu wakimcheka, alimtengea chakula mkononi, na hakupewa hilo. Huyu kachoma mkono mara moja, kapewa. Alijiambia ni dawa, Kagaruki naye alitabasamu hivyohivyo kwa ng'ombe wake. Haikumsaidia. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakavuma.

Akasimama pale akitaka sindano ishindwe. Hakutaka ishindwe kabisa, maana alimpenda mke wake. Alitaka kidogo tu. Atikisike kidogo, ashtuke kidogo, daktari aangaze macho na kusema, "Ndyamukama yuko wapi?" Hilo tu.

Ganzi ikatiwa. Kisu kikaingia. Chumba kikawa kimya, daktari ameinama, Sista ameshika taa, Ildefons amegeuka kwenye sinia kutafuta kibano. Kokubanza alilala tuli kama gogo.

Ila dawa ile ina tabia moja, na wengine mtajua: huleta muwasho, hasa wa pua. Zamani, kabla ya pethidini, mikono ya wagonjwa ilifungwa kwa kitambaa ubavuni. Tangu waanze kulala kwa utulivu Ildefons alikuwa ameacha kuwafunga, aliona ni kuwatesa wazee bure, na hakuna aliyemkataza. Mkono wa kulia wa Kokubanza ukatoka chini ya shuka. Ulitoka polepole, kivivu, kama mtu anayetaka kufukuza inzi usingizini, ukapanda kifuani, ukapita kidevuni, ukienda puani. Juu ya pua palikuwa na kisu cha daktari, ndani ya jicho lililo wazi, na jicho hilo lilikuwa la pekee.

Hakuna aliyeuona isipokuwa mtu mmoja, kwa kuwa wengine walikuwa wakitazama kazi na yeye alikuwa amekuja kutazama kosa.

Alichotaka kilikuwa kinakuja. Mjomba alisema hakukumbuka kuivuka ile sakafu. Aliukamata mkono ule karibu na kifundo, akauminya kwa nguvu zote za vichwa vyote alivyowahi kushika, na safari hii hakukumbuka kukunja kidole gumba. Kucha iliyopinda ikazama katika ngozi. Mkono ukavuta. Akaushika. Ukavuta tena, maana pua bado iliwasha, akaushika. Mdomo wake ulikuwa umejaa "mpola mpola" na hakuweza kuitoa hata moja, kwa sababu aliahidi, na kwa sababu angesema, mke angemjua, angeruka. Alisimama hivyo ameinama, jasho likimdondoka ndani ya kitambaa, mpaka daktari akafunga jicho kwa pamba.

Daktari alimtazama mjomba kwanza, kisha akamwambia Ildefons sentensi moja ya Kiingereza, fupi. Ildefons akabadilika rangi. Tangu siku hiyo mikono ya wagonjwa ilifungwa tena kwa kitambaa, na mjomba akarudi kwenye machela na maji yake. Asidhani mtu kwamba alirudishiwa cheo.

Kokubanza alilazwa chali macho yote mawili yamefungwa, vifuko vya mchanga huku na huku kichwani asigeuke. Wageni wakaja. Mjomba alikaa miguuni mwa kitanda, nami nilikuwepo siku alipomsimulia Benadetha.

"Sikusikia maumivu kabisa," Kokubanza alisema. "Nilihisi inzi puani, nikataka kumfukuza, basi mtu akanishika mkono. Akanishika kweli, na hakuniachia mpaka mwisho. Sijawahi kushikwa hivyo. Yule kijana Mungu ambariki."

"Kijana gani?" mjomba akauliza.

"Ildefons. Nani mwingine? Wewe hukuwepo."

Nilimtazama mjomba. Wakati ule sikujua kitu, nilidhani ni wivu wake wa kila siku. Kumbe mwenzangu alikuwa amefika mahali ambapo hakuna mtu niliyemjua amefika: alikuwa akiuonea wivu mkono wake mwenyewe. Aseme nini? Akisema "ni mimi," ataulizwa alikuwa anafanya nini mle ndani. Akanyamaza, na kila mgeni mpya aliyeingia alisimuliwa upya habari za mkono wa Ildefons, na kila siku mkono ule ulizidi kuwa mwema. Mara ya mwisho niliyousikia ulikuwa na joto kama la jua la asubuhi.

Jicho likapona. Akapewa miwani minene, na akaanza kuona, kwanza mlango, kisha watu, kisha vitu vidogo. Aliiona mikeka aliyoisuka gizani, akaicheka. Kisha akasema ni lazima apeleke shukrani, na shukrani haipelekwi mikono mitupu. Akazunguka kibanja chote cha migomba akichagua kwa jicho lake jipya, akaonyesha mkungu mkubwa kuliko yote, ambao mjomba alikuwa ameuwekea mti wa kuuegemeza usianguke, na alikuwa akiutembelea kila jioni kama ndugu.

"Ule," alisema.

"Ule?"

"Jicho langu lina thamani ndogo kuliko ndizi?"

Basi mjomba akaukata, akaufunga, akaubeba kichwani mwenyewe, kupanda mlima hadi nyumba za wafanyakazi wa hospitali, kumpelekea Ildefons. Nilikwenda nao. Alikuwa akitoa sauti njiani ambayo sikujua kama ni ya uzito au ya nini.

Ildefons alitoka nje akiwa na shati jeupe. Kokubanza akapiga magoti kumwamkia kwa heshima zote za kwetu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kumshukuru kwa kile alichomfanyia, kwa kumshika vile. Ildefons akasema, "Mama, ni dawa tu, ni dawa." Akamtazama mjomba juu ya kichwa cha Kokubanza. Akaangalia ndizi. Alijua! Mpaka leo nasema alijua, na mkungu akaupokea.

Lakini Kokubanza alikuwa ameacha kushukuru. Bado ameushika mkono ule, ameinama, miwani ikikaribia kugusa vidole. Aliugeuza mkono wa kijana upande wa pili, kama anayeangalia kitambaa dukani, akaona vidole vyembamba na kucha zilizokatwa sawasawa. Kisha akatazama kifundo chake mwenyewe, palipokuwa na alama ya kovu, fupi, iliyopinda. Akainuka, akaaga vizuri, tukaondoka.

Tulishuka mlima. Kwa miaka mitatu mjomba alitangulia na fimbo. Sasa Kokubanza ndiye aliyetangulia, na mjomba alifuata bila mzigo kichwani, uso umemshuka. Tulipofika kwenye mteremko Kokubanza akasimama, akageuka.

"Nipe mkono."

"Wa nini?"

"Wa kulia. Nipe."

Akampa. Akakikunja kidole gumba, kama alivyozoea. Kokubanza akakikunjua. Akaiweka ile kucha juu ya kovu lake, na kovu na kucha vikalingana kama kifuniko na chungu chake. Nikaelewa na mimi.

"Baba Ishengoma," akasema, "ulikuwa unafanya nini mle ndani?"

Mjomba angeweza kudanganya. Angeweza kusema alikuja kumlinda, na wote tungemwamini, na leo ningekuwa nasimulia habari za mume mwema.

"Nilikuwa namtazama yule kijana," alisema. "Nilitaka akosee."

"Kwangu? Kwenye jicho langu?"

"Kidogo tu."

Kokubanza alimtazama kwa lile jicho moja, kubwa nyuma ya kioo, muda mrefu sana. Nilifikiri atalia, au atampiga. Mjomba hakuangalia pembeni.

"Miaka mitatu nilikaa gizani kwa sababu ya hadithi zako," alisema mwishoni. "Na siku moja uliyokuwa na la maana la kusimulia, ukakaa kimya."

"Nilikuahidi."

"Ndiyo. Uliniahidi." Hakumwachia mkono. Alikuwa amekasirika, lakini hakuuachia, na aliposhika njia tena alimvuta nao, kama ilivyokuwa kwa ile fimbo. Tulikwenda hatua chache hivyo. Kisha mjomba akasimama, akageuka kuangalia juu mlimani kwenye nyumba za wafanyakazi.

"Mama Ishengoma," akasema, "sasa turudi tukauchukue mkungu wetu?"